Vidonge vya Kuzima Njaa

Hell-Ville, Nosy Be
8 Januari 1984

Kwa mdogo wangu Bourhane,

Pokea salamu za nyumba nzima, kubwa kwa ndogo. Mama hajambo. Anauliza kila siku utaoa lini, nami nimechoka kumjibu, mjibu mwenyewe. Binti yangu Hayrat amepata kazi jikoni kwenye hoteli moja kule Ambondrona, anarudi nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa ananuka vitunguu. Bati la jiko linavuja palepale ulipoliziba. Fundi mzuri wewe!

Nakuandikia Kiswahili cha chuoni, kile alichotusomesha babu, maana karani wa posta anasoma Kimalagasi na Kifaransa, na mambo ya mwili wangu si ya karani. Ukiona makosa, cheka peke yako.

Sikiliza sasa. Ile ngiri ya kitovu imekuwa kubwa. Mwezi uliopita ilinasa, nikagaragara chini natapika kutwa nzima mpaka ikarudi. Yule daktari mpasuaji anayekuja kisiwani mara mbili kwa mwaka ameniambia bila kupepesa macho: ikinasa tena isirudi, utumbo utaoza, nami nitakufa. Nikamwambia, basi nipasue. Akasema hanipasui na unene huu, akinilaza kwa dawa huenda nisiamke. Nishuke chini ya kilo tisini na tano, yeye atarudi mwisho wa Agosti.

Tisini na tano! Mzani wa zahanati unaishia mia, mshale wake ulizunguka ukagota. Ilinibidi niende ghala la pilipili manga, nipande mzani wa magunia mbele ya wachukuzi. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kilo mia na kumi na sita. Mama aliyenisindikiza akapanda yeye pia, kilo arobaini na tatu, akawaambia wachukuzi, "Huyu nimemzaa mimi, msimcheke." Majirani wananiambia mpasuaji ana wazimu, mwanamke mwenye mwili ndiye mwanamke. Lakini majirani hawatakufa kwa ngiri yangu.

Ulituandikia kwamba daktari wako huko kazini anawatibu wanene kwa vidonge. Niombee vidonge hivyo. Na usiniambie nije huko. Tangu fujo za mwaka wa sabini na sita, watu wa kabila letu walipochinjwa na kufukuzwa, zilizomuua mume wangu, Mahajanga siikanyagi. Tusiongee tena habari hiyo.

Dada yako,
Kouraichia


Tanambao, Mahajanga
2 Februari 1984

Kwa dada yangu mpenzi Kouraichia,

Natumaini barua hii itawakuta mko katika afya njema. Mimi sijambo. Mwambie Mama kwamba habari ya kuoa naifikiria. Mvua imekuwa nyingi na njia ya kutoka kwangu Ampisikina mpaka kazini imejaa matope, navua viatu kila asubuhi.

Dada, umefanya vema kuniambia. Kazi yetu hapa zahanati ni hiyo. Daktari Zoubeir kwanza humpima mgonjwa uzito, kisha kiuno kwa utepe, kisha shinikizo la damu, halafu humsikiliza kifua kwa muda mrefu. Ana msemo wake kwamba kidonge hakitoki kabla sikio halijafika kifuani. Mimi ndiye ninayeandika kadi na kutoa dawa. Nimeona wake za wafanyabiashara wakishuka kilo kumi na tano bila kuugua. Unene ni maradhi kama maradhi mengine, si aibu.

Daktari ameisoma barua yako, na amekubali.

Nimekutumia vidonge tisini, vya mwezi mmoja. Meza kimoja nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, kimoja kabla ya cha mchana, na cha mwisho saa kumi alasiri. Usikicheleweshe, la sivyo hutalala. Ile karatasi ya Kifaransa iliyomo kwenye boksi nimeitoa ili kifurushi kiwe chepesi. Haina jambo la maana zaidi ya haya niliyokuandikia.

Ulinilea ukiwa na miaka kumi na tano, ulikuwa ukinibebea chakula chuoni. Leo ni zamu yangu, usiogope.

Mdogo wako,
Bourhane


Hell-Ville
25 Machi 1984

Bourhane wangu,

Mungu akujaalie! Huku tunamshukuru Mola. Mama ana kikohozi kidogo na maneno mengi. Hayrat amepandishwa cheo, sasa anaruhusiwa kugusa samaki.

Kilo mia na saba! Nimepanda mzani ule ule, na wachukuzi wakapiga makofi, wajinga wale. Ajabu ya dawa hii, mdogo wangu, ni kwamba njaa haipo. Si kwamba naivumilia, haipo kabisa. Jumamosi nilipika wali wa nazi na pweza, nikausikia unanukia, nikaona kama napikia watu wa nyumba nyingine. Nilikaa nikalia. Miaka arobaini na minne nimekuwa nikipigana na tumbo hili, nikilaumiwa kwamba mimi mlafi, sina haya, sijizuii. Kumbe kidonge kimoja kidogo kinaweza kulinyamazisha.

Mdomo unanikauka, na usingizi umenikimbia. Mengine ni madogo, sikuandikii.

Vidonge vimekwisha tangu wiki iliyopita, na njaa imerudi na hasira zake. Nitumie upesi. Halafu mwulize daktari wako: Ramadhani inaingia Juni, vidonge vya mchana nitavimeza vipi? Nijibu hilo usilisahau.

Na Mama umwandikie wewe, labda atakusikiliza. Mwaka jana alizimia mara mbili kwenye mfungo. Sheikh alikuja kwa upole kumwambia kwamba mzee wa miaka sabini na moja ana ruhusa, ale, alishe masikini kwa kila siku. Nusura amtimue kwa fagio. Anasema amefunga Ramadhani hamsini na nane na hawezi kumpa masikini ya hamsini na tisa.

Dada yako mwembamba (inshallah),
Kouraichia


Tanambao, Mahajanga
6 Mei 1984

Dada yangu Kouraichia,

Nawasalimu nyote. Mimi ni mzima. Barua yako ya Machi nimeipata wiki hii, maana mtakuwa mmesikia kimbunga kilivyotufanya mwezi uliopita. Nusu ya mji haina paa. Chumba changu kimebaki na kuta tatu, nalala kazini. Zahanati ilipoteza paa la mbele, kadi za wagonjwa tulizianika juani kama dagaa. Tunashona majeraha tangu alfajiri, wanene hawaji tena, na Daktari ana watu wengine wa kuwatazama.

Dawa zilisalimika. Nakutumia vidonge mia na themanini, vya miezi miwili, kwa mkono wa Tadjiddine, yule baharia wa meli ya mizigo.

Kuhusu Ramadhani, pangilia mwenyewe katika saa za kula, futari na daku. Daktari hana wasiwasi.

Mama nitamwandikia nikipata nafasi.

Bourhane


Hell-Ville
28 Juni 1984

Mdogo wangu,

Telegramu umeipata. Sijui nianze wapi. Salamu ni zile zile, za nyumba isiyokuwa na Mama.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi ishirini na mbili Ramadhani. Alikuwa amefunga. Siku zile zote alikuwa na nguvu za ajabu, alifagia ua, alifua mapazia, akaanza kupaka chokaa ukuta wa nyuma nikamnyang'anya brashi. Macho yake hayakuwa yakifumba. Nikiamka namkuta amekaa kitako anasoma, midomo imekauka inapasuka. Ijumaa baada ya adhuhuri akaniita, akachukua mkono wangu akauweka kifuani pake, akasema, "Sikia, Kouraichia, moyo unavyokimbia." Ulikuwa unakimbia, kisha unasimama, kisha unakimbia tena. Nilitaka kumpa maji. Alifunga mdomo, akatikisa kichwa. Alikufa kabla ya alasiri na saumu yake.

Watu wote wananipa hongera. Kumi la mwisho, siku ya Ijumaa, mdomo mkavu, hakuuguzwa hata siku moja. Msikitini wamemtaja. Wanawake wananibusu mikono na kusema, "Laiti na sisi." Nami naitikia amina.

Idd tutaila hivyo hivyo. Nina kilo tisini na tisa. Vidonge vimebaki sita, nitumie vingine.

Kouraichia


Tanambao, Mahajanga
9 Julai 1984

Dada yangu,

Pole, nami nijipe pole. Nililia mbele ya wagonjwa. Meli haikuwapo hata moja wiki ile, na hata ingekuwapo nisingewahi kumzika. Hapa tumemsomea Yasini, waliokuja walikuwa wachache, wengi wetu hawapo tena mjini kama unavyojua. Paa la zahanati limerudishwa.

Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Sasa nakuandikia kama muuguzi, unisamehe.

Tadjiddine alikukabidhi kifurushi tarehe 13 Mei, aliniambia mwenyewe. Kwa vitatu kila siku, mpaka tarehe 28 Juni ulipaswa kuwa umemeza mia na arobaini na moja, na kubaki na thelathini na tisa. Unasema vimebaki sita. Thelathini na vitatu havipo.

Na mtu anayefagia, anayefua, asiyelala, mdomo mkavu, moyo unaokimbia na kusimama, mimi mtu huyo namjua. Namwona hapa mlangoni anapokosea dawa.

Nijibu swali moja tu. Vilikwenda wapi?

Bourhane


Hell-Ville
22 Julai 1984

Bourhane,

Sote wazima. Hayrat amekuja kukaa nami, ameacha kazi kwa muda. Mbuzi wa jirani amekula mchicha wote. Arobaini ya Mama ni tarehe thelathini na moja, ukipata meli utakuwa umefanya jambo.

Ala! Mama hajakauka kaburini, wewe unahesabu vidonge? Ndiyo usomi huo? Vilimwagika. Vingine vililowa. Nyumba ina watu wengi, sikukaa mlangoni kuvilinda. Mama alikufa kwa ahadi yake, na kila mtu kisiwani anasema hivyo isipokuwa mwanawe wa kiume.

Ngiri ilinasa tena Jumanne ikarudi yenyewe. Kama hutaki kunitumia dawa, sema.

Kouraichia


Tanambao, Mahajanga
5 Agosti 1984

Dada,

Kwenye arobaini sikuja. Tadjiddine alinipa nafasi kwenye meli na sikupanda. Nilifika mpaka gatini nikarudi. Nilijua nikikuona usoni nitasema, na nilitaka niandike kwanza, maana mdomo wangu ni mwoga kuliko mkono.

Daktari Zoubeir hakuisoma barua yako. Hajui kama upo. Nilipomgusia mwezi wa Januari kwamba nina dada mnene kule Nosy Be, alisema, "Mlete nimsikilize kifua." Nilijua hutakuja, na nilijua sababu. Nikatengeneza kadi mwenyewe, nikaandika shinikizo la damu la kubuni, nikaandika moyo mzuri, nikatoa dawa. Mara ya pili wakati wa kimbunga hata kadi sikuandika. Hakuna aliyeona. Nilitaka kwa mara moja katika maisha yangu nikupe kitu ulichoniomba bila kukuambia ngoja.

Na ile karatasi ya Kifaransa niliyoitoa, si uzito wa kifurushi uliofanya niitoe. Imeandikwa kwamba dawa isimezwe na mtu ambaye moyo wake haujapimwa, isipewe wazee, isizidishwe kwa mara moja. Niliogopa utampa mtu mwenye Kifaransa akusomee, utishike, uiache, ngiri ikuue.

Swali la Ramadhani pia sikumuuliza. Nilikujibu nimesimama, na uzi wa kushonea mkononi.

Kwa hiyo usinijibu kwa hasira wala kwa aibu. Kama Mama alimeza, mimi ndiye niliyemmezesha, kutoka huku. Nataka kujua tu. Silali, na mimi sijameza kitu.

Kama vile sita bado unavyo, usiviguse. Mwambie mpasuaji ulichotumia, na kwa muda gani. Mtajie jina langu.

Mdogo wako,
Bourhane


Hell-Ville
3 Septemba 1984

Kwa Bourhane,

Salamu kutoka kwangu na kwa Hayrat. Tu wazima wa kutembea.

Barua yako imekaa chini ya godoro wiki tatu. Nilikutukana mwenyewe jikoni, kwa sauti, nikisonga ugali, Hayrat akadhani nimepagawa. Kisha hasira ikaisha, na chini yake nikajikuta mimi.

Sikiliza basi. Ramadhani ilipoingia, nilivimeza vyote vitatu kwa mara moja wakati wa daku. Ulisema nipangilie, nikapangilia hivyo. Ningemeza futari nisingelala kabisa, na mchana nimefunga. Moyo ulikuwa unanipiga hata kitanda kinatikisika. Tangu Februari ulikuwa unanipiga, Bourhane. Ndiyo yale madogo ambayo sikukuandikia. Nilijua ukisikia utaninyima.

Mama alikuwa anateseka. Mwezi kumi na moja Ramadhani alizimia tena, chooni, akapasuka paji. Usiku ule sheikh akarudi na habari zake za fidia ya kulisha masikini, na Mama alilia, Mama yetu, ambaye mimi sikuwahi kumwona akilia hata alipozikwa Baba. Daku ilipofika akaniona nameza. Akasema, "Ndivyo hivyo vinavyozima njaa?" Nikasema ndivyo. Akanyoosha mkono.

Nilimpa vitatu kwa sababu mimi nameza vitatu. Sikufikiria kilo zake, nami nilimwona kwa macho yangu juu ya mzani! Nilifikiria tu kwamba dawa ya daktari wako haikunidhuru mimi, mkubwa mzima, itamdhuruje yeye anayetaka kwa ajili ya Mungu. Siku ya kwanza alifagia ua wote akasema ana miaka ishirini. Alinibusu. Aliniambia katika maisha yake yote hajawahi kufunga kwa raha kiasi hiki. Siku kumi na moja, vitatu kila siku. Hesabu yako ni sahihi.

Nilimuua, na nilifurahi kumwona anavyofurahi. Sijui nikueleze vipi vitu viwili hivyo.

Mpasuaji alikuja wiki iliyopita. Nimefika kilo tisini na tatu. Nilimwambia kila kitu kama ulivyotaka. Alinisikiliza kifua, muda mrefu, kama yule daktari wako afanyavyo. Akasema moyo wangu unaruka mapigo, hanipasui, nikae miezi sita bila dawa yoyote aone kama utatulia. Atarudi mwakani, ngiri ikikubali kunisubiri. Jina lako nililitaja. Hakuliandika popote.

Kisha nikaona haifai ajue mgeni na wasijue wetu. Jana tulikuwa na hitima ya Mama, kabla ya Arafa, wanawake wamejaa mpaka uani. Walipoanza tena zile hongera zao nikasimama. Nikawaambia wasimbusu mtu mikono hapa, Mama hakufa kwa ahadi peke yake, nilimpa dawa ya kuzima njaa ili aweze kufunga, ikamsimamisha moyo. Niliwaambia vingapi, kwa siku ngapi, na kwamba vilitoka kwako. Nilingoja wanipige, wanitemee mate, hata mmoja atoke aende zake. Nilitaka mmoja atoke, Bourhane.

Mmoja akasema, "Amri ya Mungu." Mwingine akasema chai inapoa. Wakaendelea kusoma.

Walipokuwa wanaondoka, Zalifa, yule anayeuza maandazi kona ya kwetu, akanishika mkono mlangoni. Akaninong'oneza kwamba mama yake hajafunga Ramadhani mbili, amelala kitandani analia, ana aibu. Akasema, "Mama yako alikwenda Ijumaa, amefunga, amesimama kwa miguu yake, kwa siku kumi na moja tu." Kisha akaniuliza kama mdogo wangu bado anavyo vidonge.

Nilimfukuza. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka.

Leo asubuhi amerudi na mama yake, amembeba mgongoni. Wamekaa barazani kwangu tangu saa mbili, wanataka anwani yako. Yule mzee ana mwili mdogo kuliko wa Mama, mikono yake kama ya mtoto. Anatabasamu kila nikipita. Naandika haya nao wananitazama dirishani.

Sijawapa, na sitawapa. Lakini Zalifa anamjua Tadjiddine, na Tadjiddine anaijua nyumba yako.

Dada yako,
Kouraichia